Mlio Uliokuwa Chini Yangu

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani nikakuta pikapu ya baba inalia. Kunguruma sisemi, magari yote yananguruma. Hii ilikuwa inalia kwii, kwii, kama mlango wa zizi unaofunguliwa na mtu anayeiba maziwa. Baba alikuwa dereva wa shamba la ngano la serikali, na kwa pikapu ile alimzungusha meneja mashambani na kumpeleka mjini Katesh. Gari lilikuwa la shamba, ila sisi nyumbani tulisema la baba, naye hakutukataza.

Kambini kwetu wafanyakazi wenzake walishaanza kumtania. Siku niliyofika tu, mwendesha kombaini mmoja alipiga kelele kutoka kule juu alikokaa, "Dereva, leo umebeba nguruwe wangapi?" Baba akacheka. Baba akicheka kweli mabega hutikisika. Siku ile hayakutikisika.

Jioni alimwambia mama sababu. Jumatatu walikuwa wanakuja wageni kutoka wizarani kuona mavuno, na meneja hakutaka kuwazungusha kwenye gari linalopiga kelele. Mlio usipokwisha, Jumatatu asubuhi baba arudishe ufunguo. Gari angepewa kijana mmoja wa trekta, na baba angekwenda ghalani kushona magunia. Baba ameendesha gari tangu kabla sijazaliwa. Mama aliendelea kuchagua maharage, akasema neno moja tu, "Magunia?"

Alhamisi walianza kuutafuta. Mimi nilikuwa napeleka chai karakana, kwa hiyo niliona. Fundi mkuu alikaa kiti cha mbele, baba akaendesha kuzunguka kambi.

"Ni mlango," fundi akasema. Wakakaza bawaba. Kwii.

"Basi ni kiti." Wakatoa kiti chote, wakakuta ngano imeota chini ya zulia, na kitana ambacho hakuna aliyekubali kuwa ni chake. Kwii.

Ijumaa wakafungua dashibodi. Fundi alifumba macho, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. "Unatoka nyuma ya kisogo changu," akasema, "lakini nikigeuka haupo." Wakiingia chini ya gari likiwa limesimama, wakilitikisa, kimya.

Stoo grisi ilikuwa imekwisha. Jumamosi asubuhi baba alikuja nyumbani akamwomba mama mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu mafuta hayo ni ya kila kitu: kikohozi, ngozi ya mtoto mchanga, visigino vilivyopasuka.

"Baba watoto, hayo ni ya kifua cha bibi," mama akasema.

"Kidogo tu."

Akaondoka na kibuyu kizima. Wakapaka springi zote, wakapaka na bawaba, na mlio ukaisha. Baba aliita kutoka barabarani, "Haya, pandeni twende Nangwa mkachukue viazi!" Mabega yalikuwa yanatikisika.

Fundi mkuu alipanda mbele. Mimi na mama tulipanda nyuma. Ndivyo ilivyo siku zote, mbele ni kwa wenye vyeo, nyuma ni sisi na magunia na kondoo. Sijawahi kumwona meneja wala fundi mkuu akiwa kule nyuma.

Pale Nangwa mbwa wa senta nzima walitufuata. Baba alipoegesha, wakaingia chini ya gari wakaanza kulamba springi. Wanawake waliokuwa wanauza viazi walishika mbavu. "Dereva, hiyo supu mmetia na chumvi?" Baba aliwafukuza mbwa kwa kofia yake, na fundi akajifanya anaangalia mlima.

Tulipokuwa tunarudi, vumbi liliganda kwenye yale mafuta, na kabla hatujafika nusu ya njia mlio ulirudi, mkubwa kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya kulia, nyuma kabisa, na kila kwii niliisikia kwenye mfupa. Niliweka kiganja kwenye bodi upande wa kushoto: hakuna kitu. Nikakirudisha kulia, nyuma ya tairi: kila kwii ilinigonga mkononi. Nilirudia mara tatu.

"Una nini wewe, siafu?" mama akauliza.

Nikasema hapana.

Hapa naandika ukweli. Ningemwambia mama pale pale, angegonga kioo na baba angesimama. Lakini niliwaza fundi mkuu atashuka, atanitazama, na kama nimekosea watacheka kambi nzima. Nikanyamaza mpaka nyumbani.

Jumapili baada ya ibada nilijikaza, nikaenda kwa fundi mkuu peke yangu. Alikuwa nje ananyoa ndevu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Bibi anaendeleaje na kifua?"

"Hajambo kidogo."

"Na shule? Hesabu zinapanda?"

"Zinapanda."

"Ng'ombe wa babu wamepata majani huko Masieda?"

"Wamepata."

"Haya, asante kwa kuja kunisalimia. Msalimie mama."

Akarudi kwenye kioo chake. Nikarudi nyumbani na neno langu, nikamsalimia mama.

Jumatatu asubuhi meneja alitoka kwenye baraza ya ofisi. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Pole, mzee." Baba alifuta ufunguo kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili. Kijana wa trekta aliondoka na wageni, na sisi tuliusikia ule mlio mpaka getini.

Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. Nilimwambia nikiangalia chini.

"Baba, ni nyuma kulia. Pale springi inaposhikwa."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nimeukalia."

"Lini?"

"Jumamosi."

Nilingoja kofi. Halikuja. Akawa anageuza kofia yake tu.

Mchana wageni walipoondoka alikwenda karakana, nami nyuma yake. Kijana wa trekta alimpa shikamoo akampisha. Baba alilala chini ya gari, akafungua nati ya springi ile, akatoa bushi, yaani ule mpira mdogo unaokaa katikati ili chuma kisisuguane na chuma. Ulikuwa umekwisha kabisa, kama ganda la ndizi. Stoo hakukuwa na mwingine. Baba alivua katambuga yake ya mguu wa kulia, akakata kipande cha tairi kwenye kisigino, akakichonga kwa kisu, akakipachika.

"Endesha," akamwambia kijana. Kisha akamgeukia fundi mkuu. "Na wewe panda nyuma."

Fundi alipanda akishikilia kofia. Walizunguka kambi mara mbili. Hakuna kitu. "Kumbe," fundi akasema, akashuka taratibu.

Kijana alizima gari, akashindwa afanye nini na ufunguo. Akaunyoosha kwa baba.

"Aliyepewa ni wewe," baba akasema.

Sasa baba yuko ghalani. Anaondoka asubuhi na katambuga ile ile iliyokatwa, na hatua zake nazisikia hadi kwenye kona, moja ndefu, moja fupi. Pikapu inapita kimya, mara mbili imenishtua ikiwa nyuma yangu. Shule inafunguliwa Jumatatu. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilinyamaza siku mbili. Akiniuliza nitamwambia, nadhani.