Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Mimi si mtu wa kushtuka. Shule niliachia darasa la nne, nikaanza na baiskeli ya kubeba mkaa, leo nina nyumba mbili Songea na pikapu isiyo na deni. Nimelala porini na mzigo wangu, fisi wanacheka kando ya tairi. Kitu gani kingenishangaza tena? Basi sikiliza. Ukitaka kubisha, njoo, mkanda upo garini, uuone.

Nilipofunga redio ya kioo, ile ya kugusa, mke wangu Mama Edna alirekodi sauti yake humo. Kila nikiwasha gari inasema: "Baba Edna, funga mkanda, ugali unapoa." Tulicheka sana. Kisha akaugua, akafariki. Sauti yake ikabaki mle tu, si kwenye simu, si popote.

Masika yaliyopita redio ikaanza kuganda. "Baba Edna, funga mka..." kimya. Fundi akasema programu yake imechakaa, nimwachie gari aweke mpya iliyo kwenye flashi yake. Nimwachie gari, mimi?

"Nipe hiyo flashi," nikamwambia. "Injini nashusha mwenyewe, redio itanishinda?"

Jioni natoka Namtumbo na mahindi, mwanamke akanipungia mkono. Kitenge kimemfunika hadi kwenye paji la uso. Aliomba lifti bila kunipa shikamoo, na kwa sauti ile ya ujana alipaswa. Aliingia kama mtu wa nyumbani, akafunga mkanda. Nani huku hufunga mkanda bila kuona trafiki?

Mbele nikasimama kukaza kamba ya mzigo. Nilipowasha tena, redio ikamkata Mama Edna katikati. Roho ikaniuma. Nikachomeka flashi palepale, nikagusa kioo, programu ikaanza kuingia. Mkono ukaenda kwenye ufunguo. Sisi wa barabara hii, gari likisimama injini inazimwa. Hata mteremko tunaushuka limezimwa.

"Usizime," akasema yule mwanamke. "Betri limechoka. Na sauti hukuinakili kwanza."

"Dada, mafuta unanunua wewe? Gari nimeendesha hujazaliwa."

"Haya. Usiseme hukuambiwa."

Nikazima injini, nikaacha swichi imewashwa ili redio itumie betri. Mstari wa programu kwenye kioo ukafika nusu. Taa zikafifia, kioo kikawa cheusi. Nilibonyeza, nikapiga, nikaomba. Redio imekufa.

Ndipo nikaisikia, niamini, nzima bila kukatika: "Baba Edna, funga mkanda, ugali unapoa." Haikutoka kwenye spika. Ilitoka kushoto kwangu.

Nikageuka. Kiti kitupu. Mlango haukufunguliwa, ningesikia. Mkanda ulikuwa umefungwa, umebana kama kuna mtu.

Njia nzima nilikuwa naye na sikumtazama usoni. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mkanda ule sijaufungua mpaka leo. Abiria wangu wanakaa nyuma na magunia, wakinuna wanune.

Nawe, kama redio yako imebeba kitu cha mpendwa wako, kinakili kwanza, kiweke sehemu mbili. Hakikisha programu ni ya redio hiyohiyo. Acha injini ingurume mpaka programu imalize kuingia. Na aliyekaa pembeni yako akikuonya, mgeukie umwone.

Watu huniuliza ilinigharimu kiasi gani. Ile hasara nyingine sijui kuitaja, basi nawatajia redio mpya na ufundi wake: shilingi laki tatu na elfu sabini na tano.