Bizari Haianzi na Maji

Jikoni tulikuwa watu watatu: mimi, mke wa kitinda mimba wangu, na wifi yangu, dada ya marehemu mzee wangu, aliyekuja kutoka Kathonzweni kunisalimia akakaa wiki mbili. Majina ninayo yote, hata ya kuku waliokuwa chini ya meza. Siyaandiki tu.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake kanisa letu lilikuwa linapokea wageni kutoka Kibwezi, na sufuria ya ndengu, yaani choroko, za wageni ni yangu. Imekuwa yangu tangu kanisa likiwa la udongo. Lakini akina mama walikuwa wamesema safari hii ndengu zipikwe Kihindi, kwa sababu huyu mke wa mwanangu alizipika hivyo kwenye arusi huko Wote, watu wakalamba sahani. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwa familia ya Wahindi miaka mingi. Nikasema sawa, nitajifunza leo kwa kidogo, lakini sufuria ya kesho siachi.

Kando ya kitunguu kilichokatwa akanipangia visahani sita: bizari nyembamba (ile inayofanana na mbegu za nyasi), manjano, dhania ya unga, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu.

"Mwaitu," akaniambia, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "kila kimoja kina saa yake. Mafuta kwanza. Bizari ikianza kulia kwenye mafuta, tia kitunguu, halafu tangawizi na saumu. Hivi vya unga nyuma, visiungue. Ndengu mwisho."

Akatoka kwenda kuteka maji.

Mimi tangu nizaliwe chakula kinaanza na maji. Mahindi na maharagwe, maji. Mboga, maji. Mafuta ni kijiko kimoja mwishoni, tena kama kuna mgeni. Ndengu zilikuwa zinachemka mbele yangu. Nikajiuliza, chakula na saa wapi na wapi? Nikamwaga visahani vyote sita mara moja.

Wifi akachungulia. "Sasa hapo umepika au umefua?"

Mke wa mwanangu aliporudi akaonja. Zilikuwa na uchungu wa unga mbichi, zinakwaruza koo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Si kitu, mwaitu. Kesho utatuchagulia mawe."

Kuchagua mawe kwenye ndengu. Kazi ya mtoto ambaye hajaruhusiwa kukaribia moto. Jumapili nikakaa na ungo wangu, nikisikia bizari ikilia kwa sufuria yangu, mwiko ukiwa mkononi mwa mwingine. Wageni wakala wakaongeza.

Tangu siku hiyo nimepika hivyo kwangu mara nyingi, peke yangu, na zinatoka vizuri. Nikiwaambia akina mama wanirudishie sufuria, wananijibu, "Pumzika, susu," eti nyanya yao, "umefanya kazi ya kutosha." Nani aliwaambia nimechoka?

Kwa hivyo nimeandika mpangilio wote kama ninavyoukumbuka. Kama nimekosea mahali, wewe wifi uliyekuwepo, au mwingine yeyote anayejua, nirekebishe. Lakini njoo unirekebishe jikoni, nikiwa nimeshika mwiko.