Nilidhani ugonjwa wa guka unafuata jina

Wakuu, salamu kutoka Manyatta, Embu. Hii imenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, yenyewe ilikuja na ya kutosha.

Huku kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Ndiyo maana naitwa Nyaga, na mzee wangu huniita "Baba" mbele ya watu bila aibu. Ndugu yangu Ireri alipewa jina la babu wa upande wa mama.

Sasa guka Nyaga, yaani huyo babu niliyerithi jina lake, alikuwa mtu wa ugoro. Alinusa mpaka kanisani. Uzeeni akapata Parkinson's, akatetemeka hadi kijiko kikamshinda.

Mimi pia nanusa. Ireri ananusa kunishinda.

Juzi mkono wangu ukaanza kutetemeka nikimimina chai. Niliogopa, wakuu, wacha tu.

Ireri akacheka: "Hiyo ni ya jina lako bro. Mimi niko upande wa mathe."

Mzee naye akasema tuchinje mbuzi nibadilishwe jina. Alikuwa serious kabisa.

Tukaenda kliniki wote watatu. Daktari akamuuliza Ireri kama babu yake alikuwa na ugonjwa huo.

"Huyo ni babu yake, si wangu."

"Kwani nyinyi si wa baba mmoja?"

"Ni wa baba mmoja."

Daktari akavua miwani. Akatueleza pole pole kwamba jeni hazisomi kitambulisho. Uraibu wa nikotini unaweza kutembea kwa familia, magonjwa ya ubongo pia, na wataalamu bado wanachunguza kama hivyo viwili vina mizizi pamoja. Lakini kurithi jeni si lazima uugue.

Mkono wangu? Ni muguka ninayotafuna, hiyo miraa yetu ya Embu, juu ya ugoro, na usingizi kidogo. Nilitaka kumkumbatia.

Mzee alicheka akanipiga bega. Yeye alipewa jina la upande wa mama yake, kwa hivyo hajawahi kujihesabu kwa hii maneno.

Daktari hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mkono mwingine wa mzee, uliolala juu ya goti. Ulikuwa unatetemeka.

Mimi na Ireri tumeacha ugoro. Mzee anaenda kwa specialist wiki ijayo.

Funzo: jina ni heshima, damu ni ya wote. Ukiulizwa historia ya familia, taja kila mtu. Kwenu hii mambo ya majina ikoje? Na mniombee ya mzee pia iwe ni muguka tu.

Shida ni kwamba mzee hajawahi kutafuna.