Ugonjwa Haulimi

Kiharusi kilinipiga upande wa kulia, asubuhi, nikipepeta maharage. Mguu ulirudi kiasi, mkono kidogo. Tabia yangu ndiyo watu wa nyumbani walisema haikurudi kabisa.

Zamani nilikuwa mtu wa "sawa tu". Kaka yangu mkubwa akiamua jambo, sawa tu. Nilipougua nikaanza kujibu. Nilisema chai haina majani, nikasema mgeni amekaa mno, nao wakatazamana kwa huruma. "Ni ugonjwa huo," walinong'ona, kana kwamba masikio nayo yamepooza.

Kitu kimoja kweli kilikuwa cha ugonjwa: kilio. Kilinijia bila huzuni, kama kwikwi, hata nikisikia tu kwamba mvua imenyesha kule bondeni Milepa. Kikiisha, kimeisha.

Mvua zilipokolea, kaka alikuja na mkewe kwangu Malangali, hapa Ufipa. Alitaka shamba nililopewa na baba alikodishe kwa mtu wa mahindi. Bila shamba hilo ningebaki mgonjwa wa kulishwa tu.

"Dada, pumzika. Mkono mmoja utashika jembe?"

"Sitoi."

"Usikasirike. Huo ni ugonjwa unaosema."

Hapo kilio kikanipanda. Kaka akashusha pumzi, akamwambia mkewe, "Ameelewa, maskini."

Nikainua mkono wa kushoto: wasiondoke. Nililia mbele yao mpaka kikaisha, nikafuta uso kwa khanga.

"Ugonjwa ndio unaolia. Anayekataa ni mimi. Kama huamini, uliza tena."

Akauliza. Nikakataa, macho makavu. Wifi akaangalia dari ili asicheke.

Sisemi uongo, jembe lilinishinda. Matuta yetu ya Ufipa, yale ya kufukia majani yaoze yawe mbolea, yanataka mikono miwili na mgongo. Lakini tangu enzi za bibi zetu, asiyeweza kulima peke yake hupika pombe, akaita watu. Nikaotesha ulezi, nikauanika, binti yangu akausaga, nami nikakoroga kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila kumwaga.

Siku ya kazi majirani walikuja na majembe, ukungu ukiwa bado umelala shambani. Kaka naye alikuja. Pombe ya dada haisusiwi.

Jua lilipopanda, majani yote yalikuwa chini ya matuta. Nikaanza kumimina, na kilio kikaja tena, kwa sauti, kata ikiwa mkononi. Hakuna aliyerudisha kikombe chake nyuma. Jirani yangu mmoja, mama mwenye matope mpaka magotini, akamgeukia kaka:

"Shemeji, huo ugonjwa unajua kupika! Uambie utuite na mwakani."

"Mwambie mwenyewe," kaka akajibu, akininyooshea kikombe. "Mwenye shamba si huyo hapo?"

Nikamwambia asubiri zamu yake.