Magunzi Ndani ya Buti

Mwanangu amenunua buti ndefu mnadani, avae na gauni kwenye harusi Jumamosi. Alipozitoa kwenye mfuko, harufu ya ngozi kuukuu ilinifanya niache kuchambua mchele.

Mama alikuwa nazo za namna hiyo, za mtumba, zinazofika magotini. Alizivaa siku za Idi, chini ya gauni lililofagia vumbi. Bibi alimwuliza, "Gauni limeshaficha miguu, buti za nini tena?"

"Mwenyewe najua kuwa zimo, mama," akajibu, akavuka uani taratibu, kichwa juu.

Akirudi alizifuta, akazijaza magunzi ya mahindi ili zisikunjike, akazisimamisha nyuma ya mlango.

Siku aliyopelekwa hospitali miguu ilikuwa imevimba, akavaa kandambili. "Usitoe magunzi," aliniambia. "Zitalala."

Mvua zilipokuja Mama alikuwa bado hajarudi; kuni zililowa, na shangazi akataka magunzi ya kuwashia moto. Nilimpa yote ya jikoni. Ya nyuma ya mlango sikumwonyesha.

"Mama, unaweka nini humo?" mwanangu ananiuliza sasa.

"Magunzi," nasema. "Zisilale."