Hoho Alizomlisha Fundi

Mama Chupa aliosha vyombo vya maabara kwa miaka kumi na tisa. Alisimama mbele ya sinki lilelile la bati, akisugua chupa za kioo kwa brashi ndefu, akizisuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Wafagiaji wenzake ndio waliompa jina hilo, naye hakuona ubaya.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Siku moja alikata suruali ya mteja akatoa miguu mitatu. Mteja alicheka hadi machozi yakamtoka, na Fundi naye akacheka. Mama Chupa hakucheka. Wiki hiyohiyo alikuwa ameikuta miwani ya mumewe ndani ya birika la chai.

Hospitalini waliambiwa ubongo unakufa kidogokidogo, na dawa ya kuurudisha hakuna.

Pale maabara palikuwa na mtafiti mmoja, mwanamke mpole ambaye wote walimwita Daktari. Mama Chupa alimweleza shida yake. Daktari akamwita kwenye hadubini, akadondosha tone kwenye kisahani cha kioo kilichokuwa chini yake.

"Hizi ni seli za ubongo, mama. Hizi za pembeni ni walinzi wao. Adui akiingia, walinzi wanamwaga sumu. Ila kuna wakati wanashindwa kutulia, basi wanawaunguza hata wenye nyumba."

"Na hiki ulichodondosha?"

"Kitu tulichokamua kwenye pilipili hoho na kotimiri. Ona, wametulia."

"Kwa hiyo hoho zinatibu?"

"Huenda zinasaidia kukinga, hatujui bado. Hiki ni kisahani, mama. Mtu ni kitu kingine."

Mama Chupa alisikia hoho. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tangu siku hiyo nyumbani ikawa hoho asubuhi, hoho mchana, hoho jioni: mbichi, za kuchemsha, za kusaga pamoja na kotimiri hadi gilasi ikawa kama imejaa rangi ya mlango. Sukari aliifungia kabatini. Jamu, ambayo Fundi aliipaka kwenye mkate tangu ujana wake, akamgawia jirani.

"Bibie, leo tena?" Fundi aliuliza.

"Kunywa, mume wangu. Ni dawa."

"Dawa gani hii isiyoisha?"

Miezi ikapita, Fundi akazidi kupotea. Mama Chupa akaamua kwamba kipimo ni kidogo, akaongeza. Fundi akaanza kufunga mdomo. Asubuhi moja alimbana pua ili afungue, akammiminia. Fundi alipaliwa, akalia kama mtoto, shati limelowa kijani. Dada yake Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Wifi! Unamuua kaka yangu!"

"Namponya!"

"Humponyi. Unamtesa."

Wifi yake alimpangusa kaka yake uso, akamkatia kipande cha mkate na jamu alichokuja nacho. Fundi alikula akitabasamu. Kisha akamnyooshea mkewe kidole. "Huyo mama asiingie tena. Ananilisha majani."

Jina la mkewe lilikuwa limeshamtoka. Hoho hazikumtoka.

Kesho yake Mama Chupa alimsubiri Daktari kwenye korido. "Kwa siku mtu ale hoho ngapi ili zifike kama kwenye kile kisahani?"

Daktari alikuna kichwa. "Pengine ndoo nzima. Na hata hapo sina hakika kama ingefika kwenye ubongo. Kwani kuna nini, mama?"

"Nimeuliza tu."

Alirudi kwenye sinki, akafungulia maji kwa nguvu ili asisikike.

Jioni alipita dukani, akanunua jamu. Aliipaka kwenye mkate, akampelekea mumewe kitini. Fundi aliutazama ule mkono, akafumba mdomo, akageukia ukutani. Mama Chupa alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Mwishowe akawa anapika jikoni na kumkabidhi wifi yake, aliyekuwa amehamia kwao kumtunza kaka yake, sahani mlangoni mwa chumba, kisha anabaki pale kusikiliza kijiko kikigonga sahani. Ilikuwa hivyo mwaka na nusu. Fundi alikufa kwa homa ya mapafu, ameshikwa mkono na dada yake.

Utafiti ulipotoka gazetini, na picha kubwa ya hoho juu yake, jirani alikuja mbio na gazeti mkononi.

"Mama Chupa, wewe si unafanya kazi palepale? Eti ni kweli zinalinda ubongo?"

"Wameandika huenda."

"Mzee ulimpa?"

"Nilimpa."

Jirani akamshika bega. "Basi usijilaumu, mwenzangu. Wewe ulimtunza."

Mama Chupa alimtazama, akasema asante, akafunga mlango.