Shangazi, Maji Chumvi na Bandeji ya Fedha

"Mtoto wa mchoma mkaa wa Bongwe? Huyo akienda Uarabuni atarudi na chupa ya manukato tu." Ndivyo walivyosema. Nilirudi na stashahada ya uuguzi na miaka sita ya kazi katika wodi ya vidonda, nikafungua zahanati yangu Ukunda kwa jasho langu mwenyewe. Walionikopesha nauli niliwalipa wote, isipokuwa shangazi yangu wa Msambweni, aliyeuza mbuzi wake wawili kwa ajili yangu. Kila nilipompelekea pesa alizirudisha.

"Nitakudai siku nitakapokuwa na haja."

Siku hiyo ilifika alipokatwa na mwamba akitafuta pweza. Ana sukari. Kidonda kilioza, vidonge vikashindwa, na daktari akatupa wiki mbili: pasipo nafuu, mguu ukatwe.

Nilifika na bandeji yenye chembe za madini ya fedha, ndogo mno hata hadubini ya shule haizioni, zinazoua vijidudu vilivyokwisha kuzizoea dawa nyingine. Nilimfunga mbele ya jamaa waliojaa chumbani, nikawasimulia hospitali nilizofanyia kazi. Hakuna mwingine Kwale nzima, niliwaambia, ambaye angeweza kumfunga hivyo.

Siku ya nne nilikwenda asubuhi bila kuarifu. Kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta ufukweni, amekaa majini, bandeji yangu imelowa chapachapa.

"Shikamoo shangazi! Unafanya nini?"

"Marahaba, baba. Naosha kidonda. Maji chumvi ni dawa tangu enzi za bibi yako."

"Tangu lini unakuja?"

"Kila siku, baada ya swala ya alfajiri. Wala dawa yako siivui. Naiosha papo hapo, izidi nguvu."

Chumvi huikamata ile fedha ikashindwa kufanya kazi. Wodini hata maji chumvi safi ya chupa tulikatazwa kuitia. Na haya yalikuwa maji ya bahari, na uchafu wake wote!

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe ulinyamaza nikapata nafasi? Ulitaja wodi, ukataja nchi. Maji hukuyataja."

Mimi mwenyewe nilioshwa magoti katika bahari hiyohiyo nilipokuwa mdogo, na bado sikukumbuka kumkanya.

Zilibaki siku kumi. Nilimhamishia kwangu Ukunda. Dawa za sukari alizimeza nikimtazama, na kidonda nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yasiyo na chumvi, kila nilipobadilisha bandeji. Kwanza harufu ilikata. Kisha, chini ya ute wa kidonda, nyama nyekundu ikaanza kuchomoza.

Daktari alibonyeza, akanusa, akabonyeza tena. Kisha akaichana fomu ya upasuaji.

Shangazi alitoka nje kwa miguu yake miwili, polepole, amenishika bega.

"Haya, baba, sikudai tena," alisema. "Na wale mbuzi walikuwa wakorofi hata hivyo."